Yule Baharia Aliyesema Siyo Kweli

Mwanangu Rehema,

Salamu sizitii humu, maana kesho asubuhi tutaonana uso kwa uso kabla hujaifungua barua hii. Nimeiweka kwenye mfuko wa ndani wa sanduku lako, chini ya taulo. Utaikuta ukifika Leeds.

Sasa hivi ni saa tisa mchana, Jumamosi. Umeenda Peckham kusukwa, na najua Mama Furaha akishika kichwa cha mtu hana haraka, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza ya jikoni. Nje mvua imenyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Habari za kufua, kupika na kutopoteza funguo sitaziandika. Umekuwa ukijipikia tangu una miaka kumi na mbili kwa sababu mimi nilikuwa kazini. Sina cha kukufundisha hapo.

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili iliyopita.

Ulikuwa umekaa hapahapa na kimoja cha vile vitabu mlivyoambiwa msome kabla ya kufika chuoni. Kilikuwa cha historia ya Uingereza baina ya vile vita vikuu viwili, jinsi serikali na wafanyabiashara na walimu walivyohangaika kuwafanya watu wa kawaida waipende himaya yao. Mabango, maonyesho makubwa kule Wembley, filamu, siku maalumu ya watoto kuimba mbele ya bendera. Ukainua kichwa ukaniuliza, kwa Kiingereza chako, "Mama, unadhani watu wa kawaida waliyaamini haya mambo kweli?"

Nikakujibu, "Mimi nitajuaje?" Nikaendelea kumenya viazi.

Nilikuwa najua kidogo. Nilisimuliwa na mtu aliyekuwepo. Wewe pia unamjua mtu huyo, ila kwa karibu miaka kumi sisi wawili tumeishi kana kwamba hatukuwahi kuingia nyumbani kwake. Namsema Bi Dorothy wa Eltham.

Nilikuwa katika mwaka wa nne wa kazi ya kutunza wazee majumbani, hii tunayoiita kea. Bi Dorothy alikuwa na miaka tisini na tatu. Hakuwahi kuolewa. Ndugu yake wa karibu alikuwa Martin, mtoto wa marehemu kaka yake, mtu mzima mwenye mvi aliyekuja mara moja kwa mwezi. Mimi nilikwenda asubuhi na jioni, nusu saa nusu saa. Kumwamsha, kumwosha, kumpa chai na mkate, kumpaka mafuta miguuni kwa sababu ngozi yake ilikuwa inapasuka.

Shule zilipofungwa nilikuchukua. Baba yako alikuwa keshatuacha karudi Dar es Salaam, na sikuwa na mtu wa kukuachia. Ofisi haikuruhusu. Bi Dorothy alijua na hakusema kwa mtu. "Mlete," aliniambia. "Biskuti zipo."

Ulikuwa unaongea Kiswahili wakati ule. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa unaongea kuliko mimi. Ulimwamkia shikamoo ukamfundisha kuitikia marahaba, na ukamfundisha asante na karibu na pole. Kila asubuhi aliitikia marahaba taratibu, kama mtu anayeonja chakula asichokijua.

Alikuwa na sanduku la mbao lililojaa picha za vioo. Ulizipenda. Ulikaa dirishani ukaziinua moja moja kwenye mwanga. Zilikuwa za baba yake, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ng'ambo ya mto, karibu na magati ya meli. Jioni mwalimu yule alizunguka kwenye kumbi za makanisa na vilabu vya wafanyakazi akiwa na mashine yenye taa ndani. Unatia kioo, mwanga unapita, picha inatokea kwenye shuka jeupe ukutani. Alikuwa akiwaonyesha watu himaya yao. Chai ya Ceylon, sufu ya Australia, kakao ya Gold Coast, mkonge wa Tanganyika. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika hata nchi moja kati ya hizo. Nje ya Uingereza alifika Ufaransa tu, vitani, akarudi na mguu mmoja mgumu. Vioo na karatasi za maelezo aliletewa kwa posta na watu wa serikali wa kuitangaza himaya, naye akazisoma kama zilivyoandikwa.

"Baba aliamini," Bi Dorothy aliniambia. "Aliamini mpaka machozi. Shida ilikuwa wale wengine."

Nikamwuliza wengine walikuwaje. Alipenda kuulizwa.

Kila mwaka mwezi wa tano, akasema, ilipofika Siku ya Himaya, shule nzima ilisimama uwanjani ikaimba na kuipigia bendera saluti. Watoto walivaa kama nchi. Yeye akiwa na miaka saba alikuwa Tanganyika. Walimpaka masizi usoni na mikononi, wakampa fungu la katani alishike. Canada alishika masuke ya ngano. Mtoto wa muuza samaki alikuwa India na alilia kwa sababu kilemba kilimfunika macho. Wazazi walijaa, wakapiga makofi mengi.

"Na unajua kwa nini walifurahi?" alisema. "Baadaye kulikuwa na keki, na shule ilifungwa nusu siku. Ungewauliza Tanganyika iko wapi, wangekuonyesha bahari."

Nyumbani kwao mwalimu alibandika bango jikoni la kuwahimiza akina mama wanunue vyakula vya himaya. Mkewe aliipenda zaidi siagi ya Denmark. Akawa anainunua kwa siri, anaifungia ndani ya karatasi ya siagi ya New Zealand. Mwalimu akipaka mkate anasema, "Mnaona? Siagi yetu haina mfano." Mkewe anasema, "Kweli, baba." Bi Dorothy alicheka sana aliposimulia hilo. Alisema mtaa mzima ulikuwa hivyo. Hawakupinga na hawakuamini. Walipaka mkate wakala.

Hapo swali lako la Jumapili limejibiwa, kwa kiasi ninachoweza. Ningeweza kuishia hapa, nawe ungelitumia jibu chuoni. Lakini sikuiandika barua hii kwa ajili ya siagi.

Siku moja uliniletea kioo kimoja jikoni nikiwa naosha vikombe. Kilikuwa na wanaume kama kumi, wamesimama katikati ya mkonge, wanaitazama kamera. Ukaniuliza, "Mama, hawa wa kwetu?" Nikasema, "Sijui. Watu tu." Ukakirudisha.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Ndivyo walivyoitwa vibarua walioandikishwa mbali na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Alitoka Songea kijana, akaletwa Muheza, miaka hiyohiyo ambayo Bi Dorothy alikuwa amesimama uwanjani na masizi usoni. Hakurudi kwao tena. Jicho lake la kushoto lilitobolewa na mwiba wa ncha ya jani, na nilipomfahamu mimi lilikuwa jeupe kama ganda la yai. Nikiwa mdogo nilimwuliza kama iliuma. Akasema, "Kazi ilikuwa kazi." Wajukuu wake hatukuwahi kupata jibu jingine. Baba yangu alilirithi jibu hilo, na mimi nikalirithi kwake, nikaja nalo London. Linamfikisha mtu jioni. Kumlea mtoto nalo ni jambo jingine, lakini hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Nilipaswa kukuambia habari za babu pale jikoni, kioo kikiwa mkononi mwako. Nilikuwa naosha vikombe.

Halafu ikaja siku ya yule baharia. Ilikuwa mwezi wa kumi, shule zimefungwa wiki moja. Wewe ulikuwa sebuleni, mimi niko chumbani kwake, nimeuweka mguu wake kwenye paja langu na mkebe wa mafuta. Alianza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kubadilisha vioo. Baba alikuwa na fimbo. Akigonga sakafu, natoa kioo, natia kingine."

Ilikuwa ukumbi wa kanisa, mtaa wa Custom House. Watu kama sitini, chai imeandaliwa meza ya nyuma. Ikatokea picha ya wanaume kwenye mkonge. Nadhani ndiyo ileile uliyoniletea. Mwalimu akasoma karatasi yake: hawa ni wafanyakazi wenye furaha wa Tanganyika, huimba tangu alfajiri hadi jua linapozama. Na nyuma kule mtu akasimama. Mwafrika, baharia, amevaa koti refu, kofia ameivua ameishika. Mtaa ule ulikuwa na mabaharia kama yeye, wengine wameoa hapohapo. Watu walimjua kwa sura.

"Samahani, mwalimu," alisema, kwa Kiingereza cha taratibu. "Mimi nimefanya kazi pale kabla sijapanda meli. Hao hawaimbi. Mtu mwenye kiu haimbi."

"Watu walifanyaje?" nikamwuliza Bi Dorothy.

"Hawakufanya kitu. Ningependa nikuambie walikasirika. Walimtazama kama mtu aliyesimama njiani, kati yao na chai."

Yule mtu akaendelea. Alikuwa ameanza kueleza habari za mwenzake mmoja wa kule shambani, jina lake na kilichompata. Mwalimu, uso umemwiva, akagonga fimbo. Na Dorothy akabadilisha kioo.

Kioo kilichofuata kilikuwa twiga. Watoto wakapiga kelele za furaha, watu wazima wakacheka, na sauti ya baharia ikamezwa. Alibaki amesimama kidogo. Kisha akasema maneno mawili kwa lugha yake, bila kupaza sauti, akavaa kofia akatoka. Dorothy alikuwa karibu na mlango na mashine yake. Aliyasikia.

"Nimekaa nayo miaka themanini na tano," aliniambia. "Sikuwahi kumwuliza mtu. Sii-oo kwelii. Nadhani ni hivyo. Wewe unatoka kule. Ina maana gani?"

Niliijua hapohapo. Mtoto wa miaka mitatu angeijua.

Nilitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika tano muda wangu kwisha, na mzee mwingine alikuwa ananisubiri Plumstead. Nikaona kwamba nikimwambia atalia, na akilia itabidi nikae. Nikasema, "Alikuwa anashukuru."

"Lakini Rehema alinifundisha asante."

"Hii ya baharia ni ya zamani," nikasema. "Ya watu wa pwani."

Akafumba macho. "Kumbe alishukuru," akasema. Nikamvalisha soksi, nikakuita, tukaondoka.

Miaka hii nimejaribu mara nyingi kuuita uongo ule huruma. Haukuwa huruma. Ilikuwa ile saa ya ukutani.

Mwezi uliofuata alitimiza tisini na nne. Martin alimfanyia sherehe palepale nyumbani, watu kama ishirini, majirani na watu wa kanisa lake na binti za Martin. Bi Dorothy aliomba uwepo. Alitaka usimame karibu na kiti chake na ulishike lile fungu la katani la utoto wake, ambalo alikuwa amelitunza kwenye karatasi miaka yote. Nilipaswa kusema hapana, na haikuwa ngumu kusema. Nilikupigia pasi gauni la njano.

Yaliyofuata unayajua, lakini nataka uyaone yameandikwa na mkono wangu, ili usije ukadhani uliyaota.

Kabla ya keki alisimulia habari ya ukumbi wa Custom House. Ila sasa ilikuwa na mwisho mwingine. Hakukuwa na fimbo wala twiga. Baharia alisimama, akasema machache juu ya nchi ile, kisha akamshukuru mwalimu kwa lugha yake mwenyewe. "Akasema sii-oo kwelii," Bi Dorothy aliwaambia wageni. "Ni shukrani yao ya zamani. Mwanaidi ndiye aliyenieleza." Watu wakanigeukia wakatabasamu. Nami nikatabasamu.

Ukasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida, "Hapana. Haina maana hiyo."

Martin akakuinamia. Hakuwa mtu mbaya. "Ina maana gani basi, binti?"

Ulinitazama mimi. Ulikuwa umelishika lile fungu kwa mikono miwili kama walivyokuonyesha. Ukasema, "Mama, waambie."

Nikawaambia wageni kwa Kiingereza, nikicheka kidogo, "Huyu amezaliwa hapa. Kiswahili chake si kizuri."

Wakacheka, kwa upole. Keki ikakatwa. Uliendelea kusimama na katani mpaka mmoja wa binti za Martin alipokupokea ili ule.

Mama, waambie. Sijasikia sentensi nyingine ya Kiswahili kutoka kwako tangu siku hiyo.

Tulirudi kwa mabasi mawili, tukabadilisha Woolwich. Nilikuuliza kama una njaa. Ukasema, "I'm fine." Asubuhi hukuniamkia shikamoo. Ulisema, "Morning, Mum," nami nikasema, "Morning." Nilidhani ni hasira ya siku moja. Ikawa wiki, ikawa mwaka mpya, ikawa ndiyo nyumba yetu. Mimi nasema Kiswahili, wewe unajibu Kiingereza, tunaelewana, chakula kinaliwa. Sikukugombeza na sikukubembeleza. Ningependa nikuambie kwamba niliumia. Nilisikia kitu, lakini kwa mbali, kama runinga ya jirani inavyosikika kupitia ukuta.

Watu walipouliza, niliwajibu kwamba watoto wa huku ndivyo walivyo. Mama Furaha alinigombeza mbele yako saluni, kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Weye mama, juu ya nini umeacha mutoto apoteze luga?" Nikasema, "Shule za huku hizi, dada." Ulikuwa umekaa kitini, kichwa mikononi mwake. Uliinua macho ukaniona nikisema.

Na bibi yako wa Muheza, mama wa baba yako, alipofariki, ukiwa na miaka kumi na nne, shangazi alipiga simu akataka kukupa pole mwenyewe. Ulisikiliza muda mrefu. Machozi yalikuwa yanakutoka na hukusema neno. Kisha ukanirudishia simu. Shangazi akaniuliza, "Huyu mtoto namsikia analia, anaelewa kila kitu. Mbona hajibu?" Nikasema, "Ana aibu tu, wifi." Ukaenda chumbani kwako ukafunga mlango polepole. Ungeubamiza ningeshukuru.

Sasa kuna jambo usilolijua.

Wiki tatu baada ya ile sherehe nilimwambia Bi Dorothy ukweli. Sikupanga. Nilikuwa namwosha nywele, ameinamisha kichwa kwenye sinki la jikoni, na mkono wangu uko shingoni kwake kumshikilia. Nikasema, "Yale maneno si shukrani. Yule mtu alisema siyo kweli. Rehema alikuwa sahihi. Mimi nilikudanganya."

Maji yalikuwa yanatiririka. Hakuinua kichwa. Akasema, "Sabuni inaniingia machoni."

Nikamsuuza. Nikamkausha, nikamchana, nikamkalisha dirishani na chai yake. Akasema, "Asante, Mwanaidi," kama siku zote. Kesho yake ofisi ikanipigia simu kwamba mteja ameomba mtu mwingine, na hakutoa sababu. Wewe nilikuambia nimebadilishiwa zamu. Ukasema, "Okay."

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo. Aliyechukua nafasi yangu alikuwa Grace, dada mmoja Mkenya. Siku moja tulikutana kituo cha basi Abbey Wood akaniambia yule bibi amefariki. Akaniambia pia kwamba mwishoni alikuwa akikaa dirishani akisema maneno mawili ya Kiswahili peke yake, mara nyingi. "Ni nani alimfunza kusema siyo kweli?" Grace aliniuliza. "Na aliitamka vizuri kushinda watoto wangu." Nikamwambia sijui. Basi lake likaja akapanda.

Kwa hiyo sijui nimfikirieje Bi Dorothy. Alinifukuza, na pia aliyashika yale maneno mpaka mwisho. Nilimpenda kwa namna fulani. Hilo nalo ni kweli, hata kama halikupendezi.

Wale ninaowafikiria zaidi ni watu sitini wa ukumbini. Mwanzoni niliona kosa lote ni la mwenye fimbo. Baadaye nikaona ni la mtoto wa kioo, nikamhurumia kwa sababu alikuwa mtoto. Siku hizi nawaona wale wa kwenye viti. Wametoka kazini, wamechoka, mguu unauma, mtu anawaambia jambo zito na chai inapoa. Hawana ubaya naye. Wanataka tu aketi. Nawajua watu hao, Rehema. Huko chuoni mkianza kubishana kama waliamini au hawakuamini, mimi naweza kukuambia kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti kile miaka mingi bila kufanya lolote kati ya hayo mawili. Mimi nilikaa. Na wewe ndiye uliyekuwa umesimama.

Nimejiuliza kwa nini niliweza kumwambia ukweli mwanamke niliyekuwa nikimwosha kwa mshahara, na wewe unayelala chumba cha pili sikukuambia kitu. Jibu nililonalo halinipendezi. Yeye aliweza kunifukuza, na alinifukuza, ikaisha. Wewe usingeweza. Ingebidi uendelee kula chakula changu ukijua, na mimi niendelee kukupakulia nikijua kwamba unajua. Niliogopa meza hii ninayoandikia. Nikakuachia mzigo wa kunyamaza, mtoto wa miaka tisa, nami nikawaambia watu kwamba umepoteza lugha.

Hukupoteza kitu. Nilikiweka mimi mahali ambapo usingeweza kukigusa bila kunigusa mimi.

Basi naandika niliyopaswa kuyasema sebuleni kwa Bi Dorothy, na kwenye basi, na saluni, na kwenye simu ya msiba. Mwanangu alikuwa anakijua Kiswahili. Alikijua vizuri. Alisikia neno limegeuzwa akasema limegeuzwa, mbele ya watu wazima ishirini, na akamtegemea mama yake. Mama yake alikuwa mwongo. Nisamehe, Rehema.

Sikuandikii ili uanze kuniongelesha kwa namna nyingine. Kesho nitakusindikiza King's Cross, tutaongea tunavyoongea, nitakuuliza kama umechukua chaja na utaniambia umechukua. Treni ikiondoka nitarudi nyumbani, kwa sababu jioni nina zamu.

Ukitaka kunijibu, nijibu kwa Kiingereza. Nitaelewa.

Mama yako,
Mwanaidi